Vyuma Visivyoguswa

Kwenye kabati langu la vyombo kuna glasi moja inayoimba. Ni ya mguu mrefu, imebaki peke yake baada ya nyingine tano kuvunjika mwaka hadi mwaka, nami nimeiweka rafu ya juu kwa kuwa haina tena mwenzi wa kutolewa naye mbele ya wageni. Alfajiri, kabla jua halijachomoza huku Mbezi Luis, huwasha spika yangu ndogo ya kuchaji nikaiweka juu ya kabati, na wimbo ukifika kwenye sauti fulani, glasi ile huitika. Hakuna aliyeigusa. Hutoa mvumo mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili, kisha wimbo husonga mbele nayo ikanyamaza.

Kwa miezi kadhaa nilidhani spika imechanika. Niliifuta vumbi, nikaihamisha, nikabadili waya. Siku moja tu nilipofungua kabati ili nichukue kikombe cha chai, nikaweka kidole kwenye ukingo wa glasi na mvumo ukakatika, ndipo nikajua. Nilisimama pale muda mrefu na kikombe mkononi. Chai ilipoa.

Sauti inayoiamsha glasi yangu inatoka kwenye ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo, na anayeipiga ni marehemu Hukwe Ubi Zawose. Albamu inaitwa Mkuki wa Rocho. Ilitoka mwaka 2002, naye mzee alikuwa amekwishapita miaka sitini. Ukiisikiliza unasikia watu wawili wameketi karibu karibu: Hukwe, na Charles Zawose, kijana wa ukoo wake. Hakuna ngoma kubwa, hakuna gitaa la besi, hakuna kinanda cha kujaza mapengo. Kuna vidole, kuna nyuzi za zeze, kuna koo mbili. Sauti ya mzee inaanzia chini kabisa kifuani, pale ambapo mtu hukoroma, ikapanda bila kupumzika hadi kwenye wembamba wa sauti ya mtoto anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Hukwe alichunga mifugo utotoni huko Dodoma, na muziki aliupokea kwa baba yake. Ukimsikia akipanda hivyo unamwona kijana yule amesimama juu ya jiwe, na ng'ombe mmoja kapotea.

Nimeisikiliza albamu hii alfajiri baada ya alfajiri kwa sababu ambayo nitaifikia.

Anayeijua Mbezi Luis ya leo anajua kwamba hapa hakuna alfajiri ya kimya. Tangu kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kilipozinduliwa Februari 2021, bara yote hupitia kwenye masikio yetu. Mabasi ya Mwanza, Kigoma, Singida, Tabora, Arusha, yale yaliyokuwa yakiondokea Ubungo, sasa yananguruma hapa. Saa kumi usiku bodaboda wanapishana wakiwa wamepakia mabegi ya shangazi kaja. Msikiti wa bondeni unaadhini, wa pili unaupokea, wa tatu unachelewa kidogo, na katikati yao kanisa la mahema lililokesha linamalizia sifa. Wapiga debe wanataja miji kana kwamba wanasoma orodha ya wafiwa: Moro, Moro, Dodoma, Dodoma, Singida. Ndani ya yote hayo nakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, namsikiliza Mgogo mmoja aliyefariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Ana albamu nyingine, ya miaka ya 1990, iitwayo Chibite. Kwa Kigogo chibite ni twende. Sipiti mbele ya stendi bila kulikumbuka neno hilo.

Nyuma ya Makabe, ukishuka bonde na kupanda tena, anaishi mzee mmoja anayetengeneza marimba. Sitamtaja jina, hajazoea kutajwa. Alihamia huku zamani, Mbezi ilipokuwa bado mashamba ya mihogo na mikorosho, na mtu akikuuzia kiwanja alikuonyesha mpaka kwa kunyoosha mkono kuelekea mwembe. Nilipelekwa kwake na fundi wa magrili aliyeniambia kuna mzee anamsumbua kila wiki akiomba vipande vya misumari.

“Shikamoo mzee wangu,” nilisema mlangoni.

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Mtoto wa wapi wewe?”

Nikasema mama yangu alikuwa wa Kongwa. Akaweka nyundo chini, akanitazama upya.

“Mbukwa,” akasema.

“Mbukwa, baba,” nikajibu, na uso ukaniwaka. Lile ni mojawapo ya maneno machache niliyonayo, nami nililitamka kama mtu anayekanyaga kwenye maji asiyojua kina chake.

Alinionyesha kazi yake. Ilimba ni sanduku la mbao, limechongwa likawa tupu ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyopondwa, virefu kwa vifupi, vikibanwa na kipande kimoja cha chuma kinachokatiza. Ndogo inaweza kuwa na vyuma vichache tu. Zile kubwa alizopenda Hukwe zilikuwa na zaidi ya sitini. Nilihesabu aliyokuwa akiitengeneza mzee, kisha nikatazama vidole vyake gumba viwili vikitembea juu yake. Hesabu haikulingana. Vidole vilikuwa na njia zao, huku na huku, na kulikuwa na safu ya vyuma ambayo havikuipitia hata mara moja.

“Hivi vya hapa katikati, mzee, vinapigwa lini?”

“Havipigwi.”

“Havipigwi kabisa?”

“Vinaitika,” alisema. “Huyu akiguswa, yule nduguye analia.”

Akanipa ilimba. Akaniambia nipige chuma kimoja cha pembeni kisha nikizime haraka kwa ncha ya kidole. Nikapiga, nikazima. Sanduku likaendelea kuvuma. Chuma nilichokipiga kilikuwa kimekufa chini ya kidole changu, na vingine, ambavyo sikuvigusa wala sikujua ni vipi, vilikuwa bado vinasema kile alichokisema mwenzao.

Nilitaka kuuliza swali lingine nikashindwa. Mzee hakunisaidia. Aliokota msumari mwingine akaanza kuuponda.

Kuna jambo la pili alilonionyesha siku ile. Kwenye sanduku la ilimba hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani, ule mviringo mdogo kama karatasi, ambao sisi tukifanya usafi wa nyumba tunaukwangua kwa ufagio. Utando ule ndio unaotia ile sauti ya kukwaruza, ya kuvuma, ambayo mgeni akiisikia anadhani chombo kina kasoro. Nami ndivyo nilivyodhani kuhusu spika yangu. Bila utando, alisema mzee, ilimba inakuwa safi mno.

“Safi mno ni vibaya?”

“Inakuwa haina mtu ndani.”

Sentensi hiyo nimekuwa nikiitafuna tangu hapo, nayo haijaisha utamu.

Wasomi wa muziki, na hasa Gerhard Kubik aliyezunguka Afrika miaka mingi akisikiliza, wameeleza kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja. Kila sauti, hata iwe moja, ina nyingine ndani yake: ya juu yake, na ya juu ya hiyo, zikifuatana kwa utaratibu ambao hakuna binadamu aliyeupanga. Wengi wetu hatuzisikii. Wagogo walizisikia, wakazifanya kuwa nyimbo zao. Kwa hiyo kwaya ya Kigogo inapofumuka kwa sauti nne au tano, haiongezi kitu juu ya ule wimbo wa kwanza. Inafunua kilichokuwamo. Mimi si mwanamuziki na sijui kusoma nota hata moja, ila nilipolielewa jambo hili niliweka kitabu chini nikaenda kusimama uani.

Siku hizi watangazaji wetu wana neno zuri: mubashara. Mechi ni mubashara, hotuba ni mubashara. Vijana husema laivu. Muziki wa mubashara ni ule uliopigwa na watu walio mahali pamoja, kwa pumzi moja, ukanaswa pamoja na kila kilichokuwapo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu hivyo kwa miaka mingi. Bendi nzima iliingia chumbani, ikajipanga mbele ya vipaza sauti vichache, ikapiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na namna ya kuja kesho kurekebisha tarumbeta. Ndiyo maana nyimbo zile za zamani, hata zikipigwa leo kwenye daladala yenye spika mbovu, zina joto. Unasikia chumba, na unasikia watu wakitazamana.

Mwaka ule ule wa Mkuki wa Rocho, Hukwe alitoa albamu nyingine, Assembly, pamoja na Michael Brook wa Kanada, mpiga gitaa na fundi wa sauti za kisasa. Zote mbili zilitoka kwa watu wale wale wa Real World, kampuni aliyoianzisha Peter Gabriel huko Uingereza. Ni kazi ya heshima. Nimeisikiliza mara nyingi nikiwa safarini na sina neno baya juu yake. Lakini glasi yangu haijaitika hata siku moja kwa Assembly. Huenda ni suala la mawimbi tu, mtu wa fizikia angenieleza kwa dakika mbili. Mimi naona vile vile kwamba kwenye albamu ile nafasi zote zimejazwa kwa uzuri, na palipojazwa hapana pa kuitikia. Mkuki wa Rocho una mianya. Katikati ya mistari mzee anavuta pumzi, na pumzi ile ni sehemu ya wimbo. Vyuma visivyoguswa vinahitaji kimya kidogo ili visikike. Ukijaza, vitaendelea kutetemeka, ila hutajua.

Na hapo ndipo ninapoiweka sala yangu, siku hizi. Nilifundishwa kusali kwa maneno, na maneno yangu yalikuwa mengi. Niliomba kwa orodha: ada, afya, kiwanja, mdogo wangu aliye Mwanza. Niliziba kila mwanya. Nasoma tena kisa cha Eliya pangoni, upepo uliopasua miamba, tetemeko, moto, na Mungu mwenyewe hakuwamo katika yote hayo matatu; na kilichokuja baada yake kilikuwa sauti ndogo sana, na nabii alipoisikia akajifunika uso. Jirani yangu wa upande wa kulia, mama mtu mzima aliyehiji, aliniambia siku nilipomweleza habari za glasi: kila kitu kina tasbihi yake, mwanangu, ila sisi hatuielewi. Alilisema huku akipepeta mchele. Hakuona ajabu yoyote. Kwake glasi inayoimba ilikuwa jambo la kutarajiwa.

Nimesema nitafikia sababu.

Mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Kongwa akiwa binti, akaolewa na mtu wa pwani, akaishi hapa maisha yake yote. Mji huu umewatendea Wagogo kwa dhihaka inayoitwa utani. Mtu akisikia wewe ni Mgogo anakuuliza kwa kucheka kama una bakuli, kwa sababu miaka ya ukame watu wa Dodoma walikuja mjini wakaketi kando ya barabara na watoto mapajani. Utani wa makabila ni mali yetu, na kwenye misiba umewafuta watu machozi. Lakini mtoto wa shule haujui utani kwa undani wake, anajua kuchekwa. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Tulikuwa kwenye daladala, mama akakutana na mwanamke wa kwao, wakaanza. Mbukwa, mbukwa. Sauti zao zilipanda, zikacheka kwa namna ile ya Kigogo, zikajaza gari. Wanafunzi wa shule yangu walikuwa kiti cha nyuma. Nikamvuta mama khanga nikamwambia kwa ukali, kwa sauti ya chini: mama, ongea Kiswahili.

Akanyamaza. Hakunigombeza, wala hakusema neno hadi tuliposhuka. Na tangu siku ile, kwa kumbukumbu yangu, sikumsikia tena akisema Kigogo mbele yangu. Alikisema uani, na wageni wake, mimi nikiwa sipo. Nikitokea, kinahama na kuwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa mtoto akiingia kulala. Ndivyo nilivyokua bila lugha hiyo. Nililiomba mwenyewe, na nikapewa.

Alipofariki tulimzika kwao. Safari ilikuwa ya usiku na mchana, tukapita Chalinze, Morogoro, Gairo, na vumbi jekundu likatupokea. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa chini ya mbuyu. Sikumjua hata mmoja kwa jina. Walianza kuimba kabla jeneza halijashushwa. Mmoja alitoa sauti, nyembamba, yenye ufa, na wengine wakafumuka juu yake na chini yake, zile sauti nne, tano, zilizokuwamo tayari. Wengine walikuwa na ngoma za muheme, wameziinamisha mapajani, wakizipiga taratibu kuliko nilivyowahi kuona kwenye sherehe za kiserikali. Sikuelewa hata neno moja. Kifua changu kikaanza kutetemeka, naomba mniamini kwamba sisemi kwa mfano. Kulikuwa na mtetemo hapa, chini ya koo, uliokuwa sawasawa na sauti yao, uliopanda walipopanda. Sikuwa nalia bado. Kulia kulikuja baadaye, njiani. Pale nilikuwa navuma.

Nilipofika kwa mzee wa Makabe miaka mingi baadaye na kuzima kile chuma kwa kidole na sanduku likaendelea kusema, nilijua nimeshawahi kuwa ndani ya sanduku lile.

Mwaka 1950 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita Afrika Mashariki na mashine zake za kurekodi. Alirekodi Tanganyika, Wagogo wakiwamo, akarekodi na Kenya. Huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigi, wasichana walimwimbia wimbo kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefanya kazi kwenye reli, ambaye Wamarekani humhesabu kuwa baba wa muziki wao wa country, yaani muziki wa shamba, wa gitaa na upweke na treni zinazopita usiku. Santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigi kupitia gramafoni za wageni. Walisikia ile sauti inayovunjika na kuruka juu ghafla, wakasema huyu hawezi kuwa mtu kamili. Nusu mtu, nusu swala. Wakalifanya jina lake liwe la Kikipsigi, wakamtungia wimbo wa kumkaribisha aje acheze nao.

Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35. Hakujua. Hakuna aliyemwandikia barua kwamba kwenye vilima vya Kericho kuna wasichana wanaomwita. Chuma kilikwishazimwa zamani, na nduguye bado analia.

Najua watu husimulia kisa hicho kwa kuchekea, kama hadithi ya washamba na gramafoni. Siwezi kujiunga nao. Naona wale wasichana walisikia barabara. Muziki ule wa Rodgers haukuwa mgeni kwa kiasi walivyodhani wageni. Mizizi yake ilichanganyika tangu mwanzo na nyimbo za watu weusi waliokuwa wakifanya kazi kando yake relini na mashambani, na banjo yenyewe ilitokana na vyombo ambavyo watumwa kutoka Afrika walivikumbuka kwa mikono. Na mchungaji anayeita ng'ombe Dodoma, na mfanyakazi wa reli anayeimba kwa kuvunja sauti, wote wawili wanarusha sauti mahali palipo wazi wakingoja kama kuna atakayeitika.

Lazima niseme jambo linaloukaba mfano wangu.

Wakati Hukwe akizunguka dunia, baada ya Mwalimu Nyerere kumwita Dar es Salaam miaka ya 1960 na baada ya kuhamia Bagamoyo ambako Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, wanawake wa nyumba yake waliimba nyuma. Wanawake wa Kigogo wana muheme wao, ngoma ni yao. Lakini ilimba na nafasi ya mbele vilikuwa vya wanaume. Wanawake walikuwa wakiitikia. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu yao wenyewe iitwayo Maisha, wakijiita The Zawose Queens. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikaona aibu. Nilikuwa nimekaa barazani miezi yote hiyo nikiusifu unyenyekevu wa chuma kisichoguswa, kinavyotetemeka kwa ajili ya wengine bila kudai zamu, nami sikujiuliza ni vyuma vingapi katikati ya sanduku vimewekwa pale kwa sababu tu hakuna aliyeruhusu vipigwe. Mama yangu hakuwa chuma cha kuitikia. Alikuwa na wimbo wake, na mtoto wake alimwekea kidole.

Nilimpelekea mzee swali hilo. Nilimuuliza, je, vile vya katikati haviwezi siku moja kupigwa?

Alifikiri. “Vinaweza,” alisema. “Unapanga upya vidole.”

“Na vitakavyoitikia vitakuwa vipi?”

“Vile ulivyokuwa ukivipiga.”

Hakuna sala niliyoisali mwaka huu iliyonikaa kama jibu hilo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kupitia bonde, mvua ya vuli ikianza kudondoka kwenye mabati. Nilimsikia mama mmoja kwenye genge akizungumza Kihaya kwa simu, kwa sauti kubwa, bila kujificha. Mtoto wake alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda akichezea vitunguu. Nilitaka kumwambia yule mtoto kitu. Nikanunua nyanya za mia tano nikaenda zangu.

Sasa naisikiliza Mkuki wa Rocho tofauti kidogo. Zamani nilikuwa nasikiliza ile sauti kuu, mzee mwenyewe, na maajabu ya koo lake. Sasa nasikiliza pembeni. Nasikiliza Charles, aliyekuwa mdogo kwa mzee, naye akafariki mwaka 2004, muda si mrefu baada yake. Anavyomfuata Hukwe kwa karibu kiasi kwamba hujui nani ameanza. Nasikiliza ule mkwaruzo wa utando wa buibui. Nasikiliza kinachobaki baada ya kidole kuondoka. Kuna mahali mzee anashusha sauti hadi karibu na kunong'ona, na hapo basi la Singida likipiga honi stendi, simwoni tena dereva kuwa ameniharibia. Honi inaingia. Adhana inaingia. Mbwa wa mtaani wanaingia. Rekodi iliyofanyika mbali na hapa, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, inafanyika tena barazani kwangu kila alfajiri, na chumba chake ni Mbezi yote. Mubashara.

Nimeanza kujifunza Kigogo. Mzee ananifundisha kwa malipo ya sukari na misumari. Ninasema vibaya. Ananirekebisha bila kucheka, na mara nyingine, nikipatia sentensi nzima, ananyamaza kidogo kabla ya kujibu, na ninajua anasikia sauti ya mtu wa Kongwa ambaye hakuwahi kukutana naye.

Jumamosi iliyopita alinituma. Ilimba anayonitengenezea imekamilika vyuma, vyote vimenolewa na kupangwa, bado tundu moja tu. Nyumba yake imepakwa rangi na wanawe, kuta hazina tena kitu, akaniomba nitafute kwangu. Nilirudi nikawasha tochi ya simu, nikapita chumba baada ya chumba nikiangalia pembe za kuta kama mtu aliyepoteza pete. Nyuma ya kabati la vyombo, pale ufagio wangu usipofika, niliikuta: miviringo mitatu midogo, myeupe, imebandikwa ukutani kwa ustadi. Miwili ilikuwa bado ina uzito ndani, nikaiacha. Wa tatu ulikuwa mtupu, walikwishatoka. Nikauchomoa polepole kwa ncha ya kisu cha mezani, na mkono wangu ulipoligonga kabati kidogo, glasi ya juu ikalia.